Walikataa Bwawa, Wakakubali Sufuria

Kila mwaka ikifika siku ya utamaduni hapa chuoni, meza za mikoa hupangwa, khanga zinatandikwa, na katikati ya meza lazima kikae chungu. Chungu hicho kina sifa moja kubwa: hakijawahi kupikiwa. Hakina masizi, hakina ufa, hakina harufu ya mchuzi. Kimebandikwa karatasi imeandikwa "kifaa cha asili". Pembeni yake anasimama mwanachuo mwenzetu akieleza kwa masikitiko kwamba utamaduni unakufa, kwamba kina mama wa siku hizi wamesahau asili yao, wanataka sufuria tu. Tunapiga makofi, tunapiga picha, halafu tunaenda kafteria kula wali uliopikwa kwenye sufuria.

Wanachuo wenzangu, nataka kuyapinga masikitiko hayo. Siyo kwamba sipendi vyungu. Napinga kwa sababu masikitiko haya yanatufundisha kuwafikiria vibaya watu ambao wengi wetu tutatumwa kwenda kuwasoma tukiingia fildi. Yanamfanya mama wa kijijini aonekane kama mlinzi wa makumbusho aliyelala kazini. Na kwa kuwa hoja ya aina hii ikiletwa kwa mifano ya nyumbani kila mtu anamtaja bibi yake kama shahidi, basi mimi nitaipeleka mbali kidogo, milimani Ufilipino, kwenye sehemu inayoitwa Pasil.

Pasil ni wapi?

Pasil iko mkoa wa Kalinga, kwenye safu ya milima ya Cordillera, kaskazini mwa kisiwa cha Luzon. Kwa mpangilio wa Ufilipino ni manispaa, lakini usifikirie mji wenye taa za barabarani. Fikiria kitu kama tarafa ya milimani yenye watu kama elfu kumi hivi, vijiji vimeshikilia miteremko, mashamba ya mpunga yamechongwa kama ngazi, na chini yake unapita mto Pasil ukielekea kumwaga maji yake kwenye mto Chico. Wenyeji ni Wakalinga.

Mahali padogo namna hiyo pangepaswa kujulikana na wenyewe tu. Lakini ukisoma akiolojia, popote pale duniani, kuna uwezekano mkubwa utakutana na Pasil kwenye desa lako. Sababu ni vyungu. Mwaka 1973 profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, William Longacre, alifika huko kutafuta mahali pa kufanyia utafiti. Mwaka 1975 na 1976 alikaa kijiji cha Dangtalan akihesabu vyungu nyumba kwa nyumba. Mwaka 1987 na 1988 mradi ulirudi ukiwa na wanafunzi wake. Matokeo yake ni vitabu, makala na tasnifu kadhaa, na vyungu vya Wakalinga vikawa kati ya vyungu vilivyochunguzwa kwa kina kuliko vingi duniani.

Longacre alikuwa na swali la kiakiolojia. Wenzake walikuwa wakichimba vigae vya kale na kusema kwa uhakika: nakshi zinazofanana zinaonyesha mama na binti waliishi pamoja. Yeye mwenyewe alikuwa amewahi kujenga hoja ya namna hiyo kwa kutumia vigae vya Marekani. Sasa alitaka kwenda mahali ambapo wafinyanzi bado wapo hai, ili awaulize. Huo ni uungwana wa kitaaluma ambao nauheshimu. Badala ya kubishana na vigae, nenda ukamuulize anayefinyanga.

Na alichokikuta yeye na wanafunzi wake ndicho kinachonifanya niandike makala haya.

Jikoni hakuna masikitiko

Kwa Wakalinga, ufinyanzi ni kazi ya wanawake. Udongo unachimbwa, unatwangwa, unakandwa; chungu kinajengwa kwa mkono, halafu kinapigwapigwa kwa kibao nje huku jiwe limeshikwa kwa ndani, mpaka ukuta wake unakuwa mwembamba na tumbo linakuwa la duara. Kinakauka, kinasuguliwa kwa jiwe laini, kinapakwa rangi nyekundu ya udongo. Kinachomwa mahali pa wazi, bila tanuri, na kikitoka motoni kingali cha moto kinapakwa utomvu wa mti.

Huo utomvu usiuchukulie kama urembo tu. Chungu kilichochomwa kwa moto mdogo kina vinyweleo, na maji yanapenya mpaka nje. Yakifika nje yanageuka mvuke na kuondoka na joto, kwa hiyo unaweza kuchochea kuni mpaka uchoke na chungu kisichemke vizuri. Watafiti walikuja kulipima jambo hili kwenye maabara huko Marekani na kukuta ndivyo lilivyo. Lakini wanawake wa Pasil walikuwa wakipaka utomvu kabla hata maabara hiyo haijajengwa. Mwenye ujuzi hakusubiri nondo za mtu.

Tena hawana chungu kimoja cha kila kitu. Kuna ittoyom, chungu cha wali. Kuna oppaya, chungu cha mboga na nyama, chenye mdomo mpana zaidi. Na kuna immosso, mtungi wa maji. Wali unapikwa kwanza juu ya moto, ukishachemka chungu kinaondolewa na kuwekwa kando ya moto, karibu na makaa, kinageuzwageuzwa mpaka wali ukauke na kuiva. Yeyote aliyewahi kupalia wali wa nyumbani anaelewa. Mwanafunzi mmoja wa Longacre, James Skibo, alikaa kijiji cha Guina-ang mwaka 1988 akiangalia watu wanavyopika, na akaonyesha kwamba hata alama za ukoko ndani ya chungu na masizi ya nje zinaweza kukwambia kilipikwa nini humo.

Sasa sufuria za alumini zikafika. Hapa ndipo yule ndugu yetu wa meza ya utamaduni angeanza kulia. Lakini tazama wenyewe walifanya nini. Kufikia mwaka 1988, nyumba nyingi za Guina-ang zilikuwa zinapika wali kwenye sufuria, na zilikuwa bado zinapika mboga na nyama kwenye chungu. Jiko lile lile, mama yule yule, siku ile ile. Sufuria huku, chungu huku.

Kwa nini? Kwa sababu wali unataka moto upenye haraka, uchemke upesi, kisha uwekwe pembeni. Kwa kazi hiyo sufuria inashinda, tena haivunjiki ikianguka. Mboga na nyama zinataka kuchemka polepole kwa muda mrefu. Kwenye sufuria mchuzi unafurika, unamwagikia moto au unashika chini. Chungu kinatuliza moto. Tena sufuria ina gharama yake nyingine: lazima isuguliwe mpaka ing'ae, maana sufuria yenye masizi inamwaibisha mwenye nyumba. Chungu cheusi hakimsemi mtu.

Kwa hiyo hapakuwa na mashindano kati ya "asili" na "usasa". Palikuwa na wapishi wanaojua kazi ya kila chombo. Nakuomba utazame jiko la kwenu kabla hujabisha. Nyumba ngapi unazijua ambazo zina sufuria kumi na bado mchuzi wa samaki lazima upikwe kwenye chungu? Huyo mama hajagawanyika nafsi. Anapika.

Mkono uleule, jambo jingine

Sasa rudi nyuma kidogo, mwaka 1974. Wakati wakina mama wa Pasil wanapima faida ya sufuria, serikali ya Ferdinand Marcos ilikuwa na mpango mkubwa wa kujenga mabwawa manne kwenye mto Chico kwa ajili ya umeme. Usiuchukulie mpango huo kama upuuzi. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda vibaya mwaka 1973, na nchi isiyo na mafuta ilikuwa na sababu ya kuangalia mito yake. Benki ya Dunia ilikuwa inatarajiwa kusaidia fedha. Kwenye karatasi, yalikuwa maendeleo.

Kwenye bonde, ilikuwa ni maji juu ya mashamba ya mpunga, juu ya nyumba na juu ya makaburi. Bwawa la nne, Chico IV, lingezamisha vijiji kadhaa vya Kalinga, na baadhi ya vijiji vya Pasil vilikuwemo. Hakuna aliyekwenda kuwauliza. Wapimaji walifika na vifaa vyao, na nchi ilikuwa chini ya sheria ya kijeshi tangu mwaka 1972.

Watu walikataa. Wanawake walikuwa mstari wa mbele: walibomoa kambi za wapimaji wakawafukuza. Mwaka 1975 viongozi wa Wakalinga na wa majirani zao Wabontok, watu ambao kwa vizazi walikuwa na visasi vyao wenyewe, walikutana Quezon City na kufunga mkataba wa pamoja. Mmoja wa masharti yake ni kwamba hakuna mtu wao atakayefanya kazi kwenye mradi huo.

Mkataba huo una jina, na jina hilo lina somo kwetu. Unaitwa bodong. Kwa desturi, bodong ni agano la amani kati ya vijiji viwili: linaamua nani anaweza kupita wapi kwa usalama, na nani analipa damu ikimwagika. Ni jambo la zamani kabisa. Lakini mwaka 1975 walilichukua agano la vijiji viwili wakalitanua liwe agano la bonde zima, tena wakalifungia kwenye jiji la jirani na Manila. Kama wangekuwa na akili ya meza ya utamaduni, wangesema bodong haijawahi kuwa hivyo, tusiichezee. Wao waliishika kama mpishi anavyoshika chungu: chombo ni cha kazi.

Gharama ilikuwa kubwa. Usiku wa tarehe 24 Aprili 1980, askari walimuua Macli-ing Dulag, kiongozi wa kijiji cha Bugnay, Tinglayan, jirani na Pasil, aliyekuwa sauti kubwa ya kupinga bwawa. Walidhani wamezima moto. Badala yake kifo chake kilisambaa nchi nzima, wafadhili wakajitoa, na Chico IV haikujengwa. Mpaka leo tarehe hiyo inakumbukwa na watu wa Cordillera kila mwaka.

Sasa weka mambo haya mawili pamoja. Watu wa bonde moja, miaka ile ile, walikataa bwawa na wakakubali sufuria. Ukiwaita "wahafidhina wanaogopa maendeleo", sufuria inakupinga. Ukiwaita "jamii inayopoteza asili yake", bwawa linakupinga. Lebo zote mbili tulizo nazo kwenye desa hazitoshi.

Kipimo walichotumia

Mimi naona kipimo chao kilikuwa rahisi, na kina akili kuliko nadharia nyingi tunazokariri kwa ajili ya mtihani.

Sufuria unaweza kuijaribu. Unaipikia wali leo, unaona. Unaipikia mboga kesho, inafurika, unairudisha kwenye wali na chungu unakiacha kwenye mboga. Ukikosea, hasara yako ni mlo mmoja. Uamuzi ni wako, jikoni kwako, na unaweza kuubadilisha Jumanne ijayo. Bwawa huwezi kulijaribu. Huwezi kuzamisha shamba la mababu kwa msimu mmoja uone kama utapenda. Likishajaa limejaa. Na anayeamua siyo wewe utakayehama, bali mtu ambaye hatahama.

Kwa hiyo swali lao halikuwa "hiki ni cha kale au ni kipya?" Lilikuwa "nani anaamua, na tukikosea tunaweza kurudi?" Swali hilo linafaa kubebwa kwenye begi la kila mwanachuo anayekwenda fildi, awe anasomea uhandisi, kilimo, afya ya jamii au sosholojia. Kabla hujaandika kwamba wananchi "wana mwitikio hafifu" kwa mradi fulani, uliza kama mradi huo unajaribika, na uliza nani alishaamua kabla wao hawajaitwa kwenye mkutano.

Najua mtasema nini

Hoja ya kwanza: haya maneno ya "wamechagua" ni matamu, lakini maskini anachagua nini? Bei ndiyo inamchagulia.

Hoja hiyo ni nzito, na Pasil yenyewe inaipa uzito. Kati ya utafiti wa 1976 na ule wa 1988, kijiji cha Dangtalan kilipunguza sana ufinyanzi, wakati jirani yake Dalupa iliuongeza na ikawa ndiyo inayolisha vijiji vingine kwa vyungu. Mtafiti Miriam Stark alifuatilia wanawake wa Dalupa wakitembea kwa miguu kwenda kubadilisha vyungu kwa mchele au kuuza kwa fedha, wakitegemea ndugu na wateja wao wa kudumu, ambao kule wanaitwa suki. Wengi wetu tungeandika kwamba Dalupa "wamehifadhi utamaduni" na Dangtalan "wameupoteza". Lakini mtu anayebeba vyungu milimani kutafuta mchele hafanyi hivyo kwa ajili ya utamaduni. Anafanya kwa sababu nyumbani unahitajika mchele. Anayeacha kufinyanga naye huenda amepata njia nyingine ya kuleta mchele huo.

Sasa hapo ndipo masikitiko yetu yanapogeuka kuwa ukatili bila sisi kujua. Tunapolia kwamba binti wa mfinyanzi hataki kufinyanga, tunalilia nini hasa? Tunataka aendelee kuchimba udongo na kubeba mzigo mgongoni ili sisi tuwe na kitu cha kuweka mezani siku ya utamaduni? Sisi wenyewe tuko hapa, tunasubiri bumu na kuota ajira za ofisini, wala hakuna anayetulilia kwamba tumeacha jembe. Haki ya kuacha kazi ya mama yako isiwe ya wanachuo peke yao.

Hoja ya pili: basi tuache ujuzi upotee? Mfinyanzi wa mwisho akifa, hata huo uchaguzi unaousifia unakufa naye. Anayetaka chungu kesho atakipata wapi?

Hii ndiyo hoja ninayoiheshimu kuliko zote, na sina jibu la kuimaliza. Ni kweli kwamba ujuzi unaokaa mikononi haurudi kirahisi ukishatoka. Ukiandika kitabu kizima kuhusu kibao na jiwe, msomaji bado hatajua kukisikia chungu kinapolia vizuri kwa kupigwa. Lakini angalia dawa tunayopendekeza. Sisi tunapendekeza huzuni na hotuba. Wanawake wa Dalupa walipendekeza kitu kingine: walianza kutengeneza vitu ambavyo bibi zao hawakuvitengeneza, vyombo vya maua, vijungu vya umbo la ajabu, vinyago vya wanyama. Waliviita ay-ayam, yaani vya kuchezea. Anayependa usafi wa asili atanuna. Mimi naona mkono unaojua udongo umepata sababu ya kubaki kwenye udongo. Ujuzi unabaki pale unapolipa au pale unapopendeza, na afadhali vyote viwili. Kama kweli tunaogopa kuupoteza, tununue chungu, tukipikie, kikivunjika tununue kingine. Wakalinga walikuwa wakivunja vyungu vya kupikia baada ya miaka michache tu na kununua vipya, na ndiyo iliyowaweka wafinyanzi kazini. Chungu kisichovunjika hakimlishi mfinyanzi.

Hoja ya tatu wanaileta wenzetu wa uchumi: mbona unalisifia bonde lililonyima nchi umeme? Taifa lingesema nini?

Taifa lina haki ya kuhitaji umeme. Halina haki ya kuutafuta kwa kuwanyamazisha wale watakaozama. Kama mradi ni mzuri kiasi hicho, utastahimili kuulizwa maswali na mama mwenye shamba la mpunga. Ule wa Chico uliletwa na askari, na hilo peke yake linakwambia wenye mradi walijua jibu wangelipata wakiuliza.

Deni la fildi

Nimesema namheshimu Longacre kwa kwenda kuuliza. Nisimame hapo niseme na lililobaki. Kutokana na vyungu vya Pasil watu wamepata shahada za uzamivu, vyeo na majina. Vyungu vilivyopikiwa Guina-ang vilikusanywa vikasafirishwa kwenda Arizona, na vinahifadhiwa huko. Majina tunayoyakariri darasani ni ya waliouliza maswali. Ya waliojibu huyasikii. Na sisi tukienda fildi tunafanya hivyo hivyo kwa kiwango chetu kidogo: tunafika na dodoso, tunakula ugali wa watu, tunajaza fomu, tunaondoka, na aliyetupa jibu anabaki kuwa "mhojiwa namba 14".

Najua siri za wahojiwa ni jambo la maadili, siyo la kuchezea, na kuna mambo ambayo lazima jina lifichwe. Lakini mtu aliyekufundisha ufundi wake siyo wa kufichwa kama mtuhumiwa. Muulize kama anataka kutajwa. Akitaka, mtaje kwenye shukrani kwa jina lake lote, kabla ya msimamizi wako. Rudisha nakala ya kazi yako kijijini, kwa lugha wanayoisoma. Na kama umeandika "jamii hii inapoteza utamaduni wake", rudi umsomee yule mama sentensi hiyo uone uso wake.

Jambo moja zuri ambalo mradi wa Pasil ulifanya, na ambalo sisi hatufanyi kwa sababu semista ni fupi, ni kurudi. Walihesabu vyungu mwaka 1976, wakahesabu tena mwaka 1988. Bila hesabu ya pili wasingejua kwamba Dangtalan inapungua na Dalupa inaongezeka. Wangeandika tu kwamba "Wakalinga ni wafinyanzi" na mambo yangeishia hapo. Kwa hiyo serikali ya wanafunzi, hili ni pendekezo langu, na halihitaji mfadhili: idara zetu ziwe na daftari la vijiji tulivyokwenda, ili anayekwenda mwaka huu aanze na ripoti ya aliyekwenda miaka kumi iliyopita, aende na nakala yake mkononi, aulize kilichobadilika. Ripoti zinaoza makabatini huku kila mwaka tunawauliza watu wale wale maswali yale yale. Wao wameshatuchoka, ila ni wastaarabu hawasemi.

Na kamati ya siku ya utamaduni, ombi kwenu pia. Mwaka huu tusilete chungu kipya kilichong'arishwa. Tutafute cha kununua kwa mfinyanzi, tumlipe bei yake bila kubishana, tuwashe moto pale pale uwanjani, tupike mchuzi ndani yake, na wali tuupike kwenye sufuria. Anayetaka kueleza utamaduni aeleze akiwa ameshika mwiko.